Siku Tano za Likizo

Likizo ya Desemba ikifika, kila mzazi humtaka mtoto wake shambani, nami simlaumu, maana palizi haingoji mtu. Lakini katika likizo hiyo naomba siku 5 tu.

Mwaka jana hapa parokiani tuliwakusanya watoto wa darasa la 5 na la 6, wakalala madarasani, wakajifunza sayansi na hesabu pasipo ubao wala kiboko. Sikutaka kurudia masomo ya shule. Mtoto aliyechoshwa na hesabu mwaka mzima hatazipenda kwa kuongezewa nyingine.

Kwanza tulipima urefu wa mnara wa kengele bila kuupanda. Ufito wa mita 1, uliosimamishwa wima, ulikuwa na kivuli cha sentimita 80. Kivuli cha mnara, saa ile ile, kilikuwa mita 9.60. Basi mnara una mita 12. Katekista hakusadiki hata alipopanda mwenyewe na kuteremsha kamba yenye jiwe.

Siku ya tatu ikanyesha mvua. Mkebe tuliouacha uwanjani ulikuwa na maji ya kimo cha milimita 10. Sasa, milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1 kamili, na paa la kanisa limefunika mita 20 kwa 8. Watoto wakazidisha, wakapata lita 1,600. Msichana mmoja akapaza sauti, "Ni ndoo 80!" Yeye huteka ndoo 2 mtoni kila siku kabla ya shule. Baba yake, aliyempa ruhusa kwa shingo upande, alinijia Jumapili baada ya Misa kuniuliza bei ya mifereji ya bati ya kukingia maji ya paa.

Wengine huniambia kwamba sayansi ni ya watu wa mjini wenye vyombo vya gharama. Je, mmepata kusikia habari za Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliona kwamba maziwa aliyoyatia katika jokofu yangali moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Akauliza sababu, akachekwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye Dk. Denis Osborne, aliyefundisha fizikia Dar es Salaam, akalipima jambo hilo, na mwaka 1969 wakalitangaza pamoja. Wataalamu wangali wanabishana juu yake mpaka leo.

Desemba hii tutaanza Jumatatu ya kwanza baada ya shule kufungwa. Mtoto alete blanketi, sahani na kilo 2 za unga. Mwaka jana wavulana walikuwa 19, wasichana 6. Wenye mabinti, daftari la majina liko ofisini kwangu kila asubuhi, isipokuwa Jumapili.