Mbacha wa Umeme

Wahenga wa pwani walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Hatumtandikii mgeni, lakini mwenyewe bado aulalia. Niliukumbuka usemi huu nilipokuwa nikifasiri maandishi juu ya betri za magari ya umeme, na kalamu ikakwama kwenye maneno yanayozipa betri hizo “maisha ya pili”. Nilijiuliza: je, yale ya kwanza yamekwisha?

Lugha yetu ya mitaani hukata hukumu upesi: betri imekufa. Mafundi wana subira zaidi. Betri ya lithiamu huhesabiwa kuwa imestaafu garini inapobakiwa na kiasi cha asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wake wa awali. Gari hutaka nguvu nyingi kwa mkupuo na mwendo mrefu. Taa na redio hazitaki hayo. Betri hiyo, basi, imeshindwa safari tu; kukaa nyumbani bado yaweza. Huko Amsterdam, tangu 2018, uwanja wa mpira wa Johan Cruijff una hazina ya umeme iliyoundwa kwa betri za Nissan Leaf, mpya na kuukuu, kwa kadiri ya magari 148.

Lakini fikra yangu haikukaa Amsterdam. Ilikwenda Mbeya na Iringa, kwenye barabara kuu itokayo Tunduma hadi bandari ya Dar es Salaam, ambayo nimeipita kwa basi mara kadhaa. Humo ndimo hupita malori yaliyobeba shaba na kobalti ya Kongo, na kobalti hutiwa katika betri nyingi za lithiamu. Malori hushuka mlima Kitonga taratibu, yakiielekea bahari. Madini hupita mbele ya watu wa nyanda za juu yakiwa ghafi. Yakirudi, mara nyingi hurudi ndani ya kompyuta au gari lililokwisha tumiwa na wengine.

Waama, watu wa huko hawahitaji kufundishwa kuthamini kilichochakaa. Betri ya gari, ile ya risasi na tindikali, ilikwisha kuwashia taa na redio katika nyumba zisizo na umeme, ikipelekwa mjini kwa baiskeli kuchajiwa. Betri ndogo za redio zilianikwa juani, kwani baridi huzidhoofisha na joto huziamsha kidogo.

Leo wapo vijana wanaoifanya kazi hiyo kwa vipimo. Mtanzania Gibson Kawago, ambaye Umoja wa Mataifa ulimteua mwaka 2022 miongoni mwa vijana viongozi wa Malengo ya Maendeleo Endelevu, amejulikana kwa kufufua betri za kompyuta zilizotupwa. Katika kazi ya namna hii kila seli hupimwa, dhaifu zikatengwa, nzima zikaunganishwa upya. Washairi twaielewa kanuni hiyo: mshororo mmoja ukipungukiwa mizani, beti zima huchechemea.

Sisi wa Unguja hatuna haki ya kuidharau kazi hii. Tulikaa kizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 umeme kutoka bara ulipokatika, na tukajua thamani ya taa moja.

Hata hivyo, pwani hiyohiyo ina onyo lake. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za risasi kiliwatia sumu wakazi, watoto wakiwamo. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na baada ya mabishano marefu Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo Disemba 2024. Betri zile nazo zilikuwa zikipewa maisha mapya. Mbacha ukiisha kabisa huoza ukawa udongo, betri haiozi. Ya lithiamu ikitobolewa yaweza kuwaka moto. Kwa hiyo anayeileta Mbeya au Iringa aseme imebakiwa na nguvu kiasi gani, na nani ataichukua siku itakapokwisha kweli. Bila majibu hayo, zawadi ni taka iliyopewa jina zuri.

Ndiyo maana sikuandika “maisha ya pili”. Niliandika “uhai uliosalia”, kwa kuwa kilichosalia huhesabiwa, na aliyekabidhiwa huulizwa.