Mwaka Tulipopata Shilingi Yetu

Bendera ilipandishwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963. Fedha yetu wenyewe ilichelewa karibu miaka mitatu, na ndiyo iliyonifunza maana ya kujitawala, kwa kuwa niliishika kutwa nzima nikiwa karani wa duka la vitambaa huko Bazaar, mtaa unaoitwa leo Biashara Street.

Kabla ya hapo tulitumia shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bodi hiyo iliundwa London mwaka 1919, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1960, lakini akiba yake kubwa ilibaki Uingereza. Shilingi ilifungwa kwenye pauni: ishirini kwa moja. Pauni ikipanda tunapanda nayo, ikianguka tunaanguka nayo, bila mtu yeyote hapa kuulizwa.

Hata hivyo niliipenda. Mjomba wangu alifanya kazi ya reli Kampala, na noti aliyomtumia mama tuliitumia nyumbani Kangemi vilevile ilivyokuwa. Mtu angeweza kwenda nayo Moshi, Tanganyika, akanunua chakula. Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote walikuwa wametangaza hapa Nairobi kwamba nchi zetu tatu zingeungana kabla mwaka haujaisha. Mwaka uliisha, shirikisho halikuja. Juni 1965 mawaziri wa fedha walipotangaza kwamba kila nchi itatoa sarafu yake, wenzangu dukani walishangilia. Mimi nilihuzunika, na huzuni hiyo bado ninayo.

Noti za Kenya zilitoka Septemba 14, 1966. Tajiri wangu alirudi kutoka benki na bahasha, akazipanga juu ya meza ya kukatia vitambaa, tukazizunguka. Juu zilikuwa zimeandikwa Banki Kuu ya Kenya. Mzee Kenyatta alikuwa upande mmoja. Nilipogeuza ya shilingi kumi nikaona wachuma chai shambani. Sikuwahi kuona watu wanaofanana na jirani zetu kwenye fedha.

Mama hakufurahi. Alikuwa akiuza mboga soko la Kangemi, na ndururu za zamani, zenye tundu katikati, alizitunga kwenye uzi na kuufunga kiunoni chini ya leso. Ndururu mpya haikuwa na tundu.

“Sasa hii nitaifungaje, mwanangu?” aliniuliza. “Hawa waliomtoa Mzungu hawajawahi kuuza sukuma?”

Alishona kifuko, na kwa muda mrefu alikubali sarafu za zamani kwa moyo mweupe kuliko mpya.

Wako waliokasirika kwa sababu nzito zaidi. Ule ulikuwa mwaka ambao Makamu wa Rais Oginga Odinga alitoka serikalini na kujiunga na chama cha upinzani cha KPU, na katika basi la kwenda mjini nilisikia watu wakinong'ona: nchi ni ya wote, mbona fedha ina sura ya mmoja? Walikuwa na haki ya kuuliza. Ilibidi tungoje Katiba ya 2010 ndipo picha ya mtu binafsi ikakatazwa kwenye noti na sarafu zetu.

Lakini noti ni karatasi tu mpaka siku serikali inapoitumia kuamua jambo. Siku hiyo ilifika Jumamosi, Novemba 18, 1967. Uingereza ilishusha thamani ya pauni, kutoka dola 2.80 za Marekani hadi 2.40. Zamani tungeshuka pamoja bila kusema neno. Safari hii Kenya, Uganda na Tanzania zilikataa kufuata. Duncan Ndegwa, Mwafrika wa kwanza kuwa gavana wa Banki Kuu, alikuwa ameshika kazi mwaka huohuo.

Jumatatu tajiri aliniita nimsaidie hesabu za vitambaa alivyoagiza Manchester. Pauni iliyomgharimu shilingi 20 wiki iliyopita sasa ilikuwa kama 17 na senti 14. Alirudia hesabu mara mbili.

“Kijana,” akasema, “juzi London walijifanyia lao, na leo Nairobi imejifanyia lake.”

Jioni nilimsimulia jirani yetu mmoja Kangemi aliyekuwa na shamba la chai Limuru. Hakucheka. Chai iliyouzwa London ililipwa kwa pauni zilezile zilizopungua, na zikibadilishwa hapa zilileta shilingi chache.

“Basi mmewasaidia wenye maduka,” akaniambia, “na sisi wakulima mmetusahau.”

Tulibishana hadi usiku. Nilimwambia kwamba mafuta, mashine na dawa zote twanunua nje, na shilingi dhaifu ingempiga hata yeye. Akanijibu kwamba yeye hali mashine, anakula chai. Hakukubali, wala sikumlaumu, maana hasara yake ilikuwa ya kweli. Nilimshauri aende kwa mbunge wake aulize kwa nini bei yake haikulindwa. Wiki iliyofuata alivaa koti, akapanda basi, akaenda Bungeni kumtafuta.