Kauboi Aliyemnyamazisha Baba

Watu husema katuni ni za watoto wadogo. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka likizo ya Agosti, binamu yangu alipotuletea filamu ya Lucky Luke, ile waliyoitoa Wafaransa mwaka wa 2007.

Lucky Luke ni kauboi aliyebuniwa na mchoraji Mbelgiji aitwaye Morris mnamo 1946. Eti hufyatua bastola upesi kuliko kivuli chake mwenyewe! Katika filamu hii anausindikiza msafara wa walowezi kutoka New York hadi California. Msafarani wamo pia wezi wanne, ndugu wa Dalton, waliopangana kwa kimo kama ngazi: mfupi ndiye mkali, mrefu ndiye mjinga. Tulicheka hadi mbavu zikatuuma. Hata Baba, ambaye kicheko chake ni cha nadra, alikuwa akipangusa machozi.

Kisha tukaelewa kwamba walowezi wale walikuwa wameuziwa mashamba na tapeli mmoja aitwaye Crook. Walikuwa na siku 80 tu za kufika. Wakichelewa, mashamba wanayakosa. Naye Crook anawatega njiani makusudi! Mimi nikazidi kucheka. Nilipogeuka, kiti cha Baba kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje, ameketi gizani.

"Baba, mbona umetoka?"

"Mwanangu, wale wana Luke wao. Sisi hatukuwa na mtu."

Ndipo akanisimulia. Kabla sijazaliwa, yeye na wenzake walichanga pesa wakanunua ploti. Wakapewa risiti zenye muhuri. Siku waliyokwenda na seng'enge kuzungushia ua, wakakuta mtu amekwisha jenga, tena ana hati. Kurudi kwa muuzaji, ofisi imefungwa. Risiti ile angali nayo, ndani ya bahasha. Kumbe ndiyo sababu tunapanga nyumba hadi leo! Kweli wahenga hawakukosea: mwenye kovu usidhani kapoa.

Shule zilipofunguliwa nilikwenda maktabani. Nikasoma kwamba walowezi halisi wa Marekani walisafiri kilomita 3,200 hivi kutoka Missouri hadi Oregon, miezi minne hadi sita, na wengi wakafa kwa kipindupindu. Reli ilipokamilika mwaka 1869 safari ikawa ya siku chache tu. Lakini jambo lililonikera ni kwamba ardhi waliyoikimbilia ilikuwa na wenyewe, nao wakafukuzwa. Nikakumbuka somo letu la Historia: mwaka 1908 Makaburu walifika Uasin Gishu na magari yao ya maksai, wakapewa ardhi na serikali ya kikoloni. Wenyeji nani aliwauliza?

Basi si kila aliye garini ni wa kuchekwa, wala si kila aliye garini ni wa kuhurumiwa. Wenzangu, tukikua tukataka kununua shamba, kwanza twende ofisi ya ardhi tukahakikishe hati ni ya nani. Risiti si shamba.

Jioni ile nilimweleza Baba yote niliyosoma. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza polepole:

"Na wale wa katuni, walifika?"

"Walifika, Baba."

"Haya. Mwambie binamu yako ailete tena. Sikuona mwisho."