Jua la Garissa na Zizi la Ayeeyo

Mwanzoni mwa mwaka 2023, nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mhadhiri wetu wa somo la istilahi alitugawia maneno, kila mwanafunzi neno lake, akatuagiza tuyafuatilie asili na matumizi. Mimi niliangukiwa na "nishati jadidifu". Nashuku hakunipa kwa kubahatisha. Alijua kwetu ni Garissa, na Garissa, iliyozoea kutajwa kwa ukame na kwa misiba, ilikuwa imepata sifa nyingine. Mnamo Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amefungua rasmi kituo cha umeme wa jua nje ya mji wetu: megawati 50, paneli zaidi ya 200,000 zilizotandazwa juu ya hekta 85, kwa mkopo kutoka China.

Nilianza, kama tulivyofunzwa, na mzizi. Jadidi tumelipata kwa Waarabu, nalo lina maana ya -pya. Kujadidi ni kufanya upya. Basi nishati jadidifu ni ile ijirudiayo, isiyokwisha kwa kutumiwa. Nikaongeza kwamba nchini Kenya neno hili halijapata makao. Redioni husemwa kawi, wizara nayo ni ya Kawi, vitabu vya Tanzania hupendelea nishati, na mitaani wote, profesa na mchuuzi, husema stima. Nilipofika tamati nikajigamba kidogo: kwetu ndiko kunakoangaza nchi. Wenzangu wakapiga makofi. Mhadhiri alitabasamu, akauliza swali moja tu: "Na kwenu je, pameangaza?" Nikajibu kwamba pameangaza. Nilisema uongo, msomaji wangu, na ni uongo huo ulionisukuma kuandika makala haya.

Nyumbani kwetu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka mjini, na nguzo za umeme hazijafika. Likizoni Agosti nilimkuta Ayeeyo, ndivyo tumwitavyo bibi kwa Kisomali, ameketi nje ya herio. Abti, mjomba wangu, alikuwa amemsimulia habari za kituo kile.

"Nasikia mmelijengea jua zizi," aliniambia.

Nikamweleza kuwa ni uzio wa kulinda mitambo. Nikamweleza paneli, waya, na gridi ya taifa, nikihangaika kutafuta maneno ya Kisomali kwa mambo niliyoyasoma kwa Kiswahili.

"Na usiku?"

"Usiku hakizalishi kitu, Ayeeyo. Kilijengwa bila betri za kuhifadhia."

"Na mchana stima yake inakwenda wapi?"

"Mjini, kisha Nairobi, kisha kote."

Alinyamaza akichokora mchanga kwa bakora yake. "Zizi hujengwa mbuzi asitoke," akasema. "Hili lenu lina mbuzi anayetoka kila asubuhi kukamuliwa kwingine, na jioni anarudi chuchu zikiwa kavu."

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kujitetea kwa istilahi yangu, nikamwambia kwamba uzuri wa jua ni kuwa hurudi kila siku, halipungui. Akanitazama kwa huruma. Hata mbuzi hurudi, alisema: huzaa, na mtoto huzaa. Hurudi mpaka mvua ikose. Mwaka huo zizi lake lilikuwa na mbuzi saba. Kabla ya misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, walikuwa arobaini na zaidi.

Kituo cha jua sikioni kuwa kibaya. Nakumbuka ngurumo ya majenereta ya dizeli yaliyoulisha mji wa Garissa nilipokuwa mtoto, kabla waya mkubwa haujatufikia kutoka Kindaruma kupitia Mwingi. Kituo kilipofunguliwa, Wajir na Mandera bado zilikuwa zikichoma dizeli iliyosafirishwa kwa malori. Anayejua bei ya dizeli na vumbi la njia ile hawezi kulichukia jua. Tena waya hauna ubaguzi: mchana mji wetu hunywa kwanza, ndipo kinachosalia kikaenda mbali.

Lakini hilo jina Kindaruma linanikera kila nilipitapo katika basi. Bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, likiwa la kwanza kati ya yale matano yaliyopangwa juu ya mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ni Tana hii hii ipitayo chini ya daraja la Garissa. Kwa karibu nusu karne maji yalitufikia yakiwa yamekwisha kuwasha taa za wengine, nasi tukayanywesha mifugo, tukawasha koroboi. Yanapopungua, nchi nzima hujua, maana umeme hukatwa kwa zamu, kama ilivyokuwa katika ukame wa 1999 na 2000. Yanapozidi tunajua sisi. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mto ulifurika, barabara ya Madogo ikazama, watu wakavushwa kwa mashua. Mashua moja ilipinduka mwishoni mwa Aprili hiyo, na roho za watu zikapotea.

Turudi kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonifungua macho. Kituo kilipofunguliwa ilitangazwa kwamba kingetosha nyumba 625,000. Usiku mmoja bwenini nilizigawa megawati 50 kwa nyumba hizo. Zilitoka wati 80 kwa kila nyumba: balbu chache na redio. Na wati hizo hupatikana jua likiwa limewaka, saa ambazo hakuna awashaye balbu. Sisemi kuwa tangazo lilikuwa uongo; kugawanya kuna namna nyingi, na mchana umeme huo huwapumzisha wengine, maji yakahifadhiwa bwawani hadi jioni. Nasema tu kwamba katika hizo nyumba 625,000 sikuiona ya Ayeeyo.

Kisha kuna asilimia. Kenya imejiwekea lengo la umeme safi kwa asilimia 100 ifikapo mwaka 2030, na hailianzi lengo hilo mikono mitupu, kwani takriban asilimia 90 ya umeme wa gridi tayari hutokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Ziwa Turkana wenye megawati 310, na jua. Ni sifa ambayo nchi nyingi tajiri hazina. Ila asilimia hiyo huhesabu umeme, haihesabu watu. Aliye gizani haiongezi wala haipunguzi hata kwa nukta. Nchi yaweza kutimiza mia kwa mia, na koroboi ya kwetu ikaendelea kutoa moshi wake bila kuharibu takwimu ya mtu yeyote.

Sheria nayo nimeisoma. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 imeugawa mrabaha wa mvuke wa ardhini: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 5 kwa wakazi wa mahali unapochimbwa. Jua halimo katika mgao huo. Huenda mtunga sheria aliona kwamba jua ni la kila mtu. Ndiyo, lakini hekta 85 si za kila mtu. Ni malisho.

Upo pia mradi wa umeme wa jua kwa maeneo yaliyo nje ya gridi, ulioidhinishwa mwaka 2017 kwa dola milioni 150 za Benki ya Dunia, kwa kaunti 14 zikiwemo Garissa, Wajir na Mandera. Nilimtajia Ayeeyo habari zake. Akauliza kama ninyi vijana mnajua idadi ya miaka aliyobakisha.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa shida yenyewe. Mwaka huo wa 2023 alikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, na kila jioni alisoma kwa tochi ya simu mpaka chaji ikatike. Ilishauriwa kwamba ahamie kwa jamaa zetu mjini, mtaa wa Bulla Iftin. Iftin, kwa wasiojua, ni nuru. Ayeeyo, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu, alikubali upesi mno, kama afanyavyo mtu anayeogopa kuulizwa mara ya pili. Nani angemchotea maji? Nani angemshika mkono alfajiri? Hayo hakuyasema, wala sisi.

Nilichota katika mkopo wangu wa masomo, nikanunua paneli ndogo ya wati 20, betri na balbu mbili. Abti aliipandisha juu ya herio, akaikaza kwa kamba za katani. Usiku wa kwanza Ayeeyo alikaa macho hadi saa tano, akimtazama mjukuu wake akiandika. Habari ya kuhama ikazimika bila kikao.

Paneli ile ingali nzima. Betri ndiyo iliyochoka. Mdogo wangu alipoingia kidato cha nne mwaka 2025, taa ilikuwa haifiki saa tatu na nusu usiku. Alinipigia simu kuniuliza bei ya betri mpya. Nilipokuwa nikipiga hesabu nilisikia sauti ya Ayeeyo nyuma yake ikiuliza iwapo yule mbuzi wa zizini bado anatoka kila asubuhi.

"Anatoka, Ayeeyo," nilimwambia. "Kaongee na abti auze mmoja wa wetu."