Ilifika Kwenye Koma Ikakoma

Mwalimu mlezi wa chama chetu aliponiomba makala ya jarida hili, bila shaka alitarajia shairi la tarbia, kwani mabwenini najulikana kwa kujitia umalenga. Niwie radhi mwalimu. Mwaka huu nitaandika kuhusu tarakilishi, kuhusu vitufe na visanduku vyake, na kuhusu shilingi moja iliyomfukuza binamu yangu kazini.

Senge wangu, yaani dadake baba, ana duka la nafaka katika soko la Funyula. Mahindi na maharagwe yake mengi hutoka Uganda kupitia Busia, na omena huletwa kutoka ziwani. Anapima kwa gorogoro kwa wale wa rejareja, na kwa gunia kwa wale wanaokwenda kuuza tena. Hao wa gunia ndio hukopa. Wengine hulipa kwa shilingi zetu, wengine kwa za Uganda, maana huku mpakani pesa ni pesa mradi ujue kuzibadilisha. Madeni yote aliyaweka katika daftari moja lililolowa chai, likaliwa na mende, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zinaning'inia kama majani ya mgomba.

Mimi nilikuwa Kidato cha Tatu mwaka 2023, na tulikuwa tumeanza kufundishwa Visual Basic. Programu hii ilitolewa na Microsoft mwaka 1991, na toleo la sita, hilo tunalotumia maabarani, ni la mwaka 1998. Limenizidi umri! Microsoft yenyewe iliacha kuitunza zana hiyo mwaka 2008, lakini kazi zilizoandikwa kwayo bado hufunguka kwenye Windows 10 na hata 11. Ni kama mzee aliyestaafu ambaye kila alfajiri bado unamkuta shambani. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuandika mistari chungu nzima ili upate dirisha moja. Unakokota kitufe kwa kipanya, unakitua unapotaka, unaandika kitakachotokea kikibonyezwa, basi. Nikaona, kabla ya kufika Kidato cha Nne na kuikabili ile karatasi ya tatu ya mradi wa KCSE, nijipashe moto kwa kumwandikia senge programu ya madeni.

Likizo ya Aprili nilimpelekea. Alikuwa amenunua kipakatalishi cha mtumba kule Busia. Nilikiweka juu ya kaunta kati ya mizani na mkebe wa chumvi, nikaifungua programu yangu, na majirani wakaja kuchungulia. Hamadi! Kitufe cha kuhifadhi hakikuwepo. Nilikuwa nimechora fomu yangu kwenye zile skrini za mraba za maabara, ambazo ni ndefu kwenda chini. Skrini ya kipakatalishi ni pana lakini fupi, basi kitufe changu kilikuwa kimezama chini ya ukingo kama mamba. Nilicheka cha aibu, nikapandisha vitufe vyote juu usiku huo.

Siku ya pili akaja mteja na shilingi 60,000 za Uganda. Kuandika tu namba ile, programu ikatoa kijisanduku cha kosa namba 6 na kujifunga puu. Kisa na maana, nilikuwa nimeiambia programu kwamba kiasi cha pesa ni cha aina ya Integer, na Integer katika Visual Basic 6 mwisho wake ni 32,767. Ukizidisha hata moja, inafurika. Maabarani hatukuliona hilo kwa sababu mifano yetu yote ilikuwa ya alama za mitihani, na nani amewahi kupata alama elfu thelathini? Nikabadilisha ikawa Currency, aina iliyowekwa mahsusi kwa pesa.

Kiswahili nacho kilinitoa jasho. Mimi kama mwanachama mwaminifu nilikuwa nimeandika kila kitu kwa lugha yetu. Kulikuwa na kitufe cha "Hifadhi" na kingine cha "Futa". Nilikusudia futa ya kufuta ubao, yaani visanduku vibaki vitupu ili uanze upya. Lakini nilikuwa nimeweka "Futa" nyingine kwenye ukurasa wa wateja, na ile ilimwondoa mtu kabisa na deni lake. Senge alimfuta mteja wa shilingi 4,000 akidhani anasafisha skrini. Neno letu moja lilibeba kazi mbili. Nikabadilisha, kimoja kikawa "Safisha" na kingine "Ondoa Mteja", nikakitia rangi nyekundu na kukiweka mbali.

Halafu nikaongeza swali, "Una hakika unataka kumwondoa?" Chini yake Windows ikaweka vitufe vyake yenyewe, "Yes" na "No". Swali Kiswahili, majibu Kizungu! Kile kisanduku cha MsgBox hutumia lugha ya Windows yenyewe na hakikubali kubadilishwa maneno ya vitufe. Ikanibidi nichore fomu yangu ndogo yenye "Ndiyo" na "La".

Tatizo lililonisumbua zaidi siku hizo, nikidhani ndilo kubwa, lilikuwa la kuganda. Senge akibonyeza "Jumla ya Madeni", programu ilikuwa inapitia mteja mmoja mmoja, na kile kipakatalishi kilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Dirisha linapauka, na kule juu Windows inaandika kwamba programu haijibu. Ni kwamba programu ya namna hii ina mtumishi mmoja tu: ndiye anayehesabu, ndiye anayechora dirisha, na ndiye anayesikiliza kipanya. Akishughulika na hesabu, hasikii hodi. Windows ikimwita akakaa kimya sekunde tano hivi, inamhesabu kama aliyezirai. Nikaweka amri ya DoEvents ndani ya kitanzi cha hesabu, ili mtumishi awe anainua kichwa mara kwa mara aone nani anabisha. Kuganda kukaisha, lakini senge, kwa kuwa hana subira, akabonyeza mara tatu na hesabu zikaanza tatu, moja ndani ya nyingine. Dawa ilikuwa kukizima kitufe kwanza kabla ya kazi, kwa Enabled, na kukiwasha kazi ikiisha. Niliona nimekuwa fundi hasa.

Sasa ngoja nikueleze juu ya binamu yangu. Ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu, nami humwita dada. Alikuwa amemaliza shule na ndiye aliyekuwa akiuza dukani. Wiki ya mwisho ya likizo ile aliniambia, "Wewe, hii kitu yako saa zingine inaruka pesa. Naandika, halafu baki haishuki vizuri." Mimi, nikiwa na haraka ya kwenda kuonyesha wenzangu kazi yangu, nilijaribu mbele yake. Nikaandika 1200, nikabonyeza, baki ikashuka sawasawa. Nikamwambia, "Ona, dada. Mashine iko sawa. Ni wewe hujazoea kuandika." Hakunijibu. Alirudi kupima mahindi.

Nilirudi shuleni mwezi wa Mei, kichwa juu. Mwisho wa Juni tulipofungwa kwa mapumziko mafupi nilifika dukani nikamkuta senge peke yake. "Dada yuko wapi?" Senge alishusha pumzi. "Nimemrudisha kwao Matayos. Mkono wake ni mrefu."

Mama mmoja wa Sio Port alikuwa na deni la shilingi 1,500. Alipokuja kuchukua gunia jingine, senge alitazama mashine akamwambia amalize deni kwanza. Mama akaapa kwamba alishalipa 1,200, na kwamba alimpa yule msichana mkononi. Msichana akasema kweli alipokea na akaandika. Mashine inasema deni ni 1,499. Sasa nani anadanganya? Mbele ya watu waliojaa dukani, senge aliamua. "Mashine haina tamaa," alisema. Mama yule alimwagikwa na machozi, akaenda bila gunia. Binamu yangu alifungasha nguo zake jioni hiyo.

Nilimwuliza senge, "Ilisema 1,499? Si 1,500?" Akajibu, "Elfu moja na mia tano kasoro bob moja, ni kitu gani?"

Bob moja ile ilininyima usingizi. Kwani ni nani analipa deni la gunia kwa shilingi moja? Usiku nilikaa na kipakatalishi, nikaandika 1200. Sawa. Nikaandika tena, safari hii kama mtu wa kawaida aandikavyo pesa, kama dada aandikavyo, kama senge alivyoandika katika daftari lake miaka yote: 1,200. Programu ikahifadhi 1.

Nilikuwa nimetumia Val, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba. Val husoma tarakimu kutoka kushoto, na ikikutana na kitu isichokitambua inaachia hapo hapo bila kulalamika. Koma haiitambui. Basi ilisoma 1, ikafika kwenye koma, ikakoma. Haikutoa kijisanduku cha kosa wala haikujifunga, na afadhali ingejifunga kama ile siku ya pesa za Uganda. Mimi sikuwahi kuiona kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika, na mikono yangu ilikuwa imezoea kuandika namba kwa namna ambayo programu inapenda.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimkimbilia senge usiku ule ule. Sikufanya hivyo. Alikuwa amekwisha kutangaza sokoni kote kwamba mtoto wa ndugu yake ni mhandisi. Ijumaa nilinyamaza. Jumamosi nilibadilisha Val nikaweka CCur, ambayo huzisoma koma za maelfu, nikajiambia kwamba kwa kuwa nimeshatengeneza, mambo yameisha. Si unajua moyo unavyojua kujitetea! Lakini kila mteja alipoingia na kuuliza, "Yule msichana mpole alienda wapi?", na senge akajibu kama alivyonijibu mimi, nilihisi kama nimemeza kaa la moto.

Jumapili asubuhi, mfuko wangu wa shule ukiwa tayari mlangoni, nilimwambia. Nilimwonyesha kwa programu ya zamani, nikaandika 1,200 mbele ya macho yake. Alikaa juu ya gunia. Hakunigombeza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliuliza swali moja tu: "Ni wangapi wengine, baba?"

Nikatafuta malipo yote yaliyokuwa chini ya shilingi kumi. Yalikuwa kumi na moja. Jambo la kutisha ni kwamba hayakuweza kurekebishwa. Aliyelipa 1,200 na aliyelipa 1,850 wote wawili walikuwa wamehifadhiwa kama 1. Zile tarakimu nyingine hazikuwekwa popote, na daftari lilikuwa limeachwa tangu Aprili. Senge alilazimika kuwauliza watu kumi na mmoja walilipa kiasi gani, na kuyaandika waliyosema jinsi walivyoyasema.

Mchana ule tulipanda bodaboda sote wawili hadi Matayos, ingawa nilijua nitachelewa kuingia shuleni na nitaadhibiwa. Neno hilo bodaboda, kama hujui, lilizaliwa hapa kwetu Busia, kwa wale waendesha baiskeli waliovusha watu kati ya mpaka na mpaka. Siku zote hulitaja kwa fahari. Siku hiyo njia nzima sikufungua mdomo.

Dada alikuwa anafua. Senge alizungumza na wazazi wake ndani, mimi nikabaki naye nje. Nilimweleza yote, koma na Val. Alikamua shati, akalianika, ndipo akasema, "Na mimi si nilikwambia?"

Kweli alikuwa ameniambia.

Alirudi dukani mwezi wa Agosti, kwa masharti yake. Daftari jipya likae kando ya mashine, na kila jioni vilinganishwe. Mimi nami niliongeza kitu ambacho sasa nakiona muhimu kuliko ile DoEvents niliyojivunia: kabla ya kuhifadhi, programu husema kile ilichoelewa. "Umepokea 1,200. Baki ni 300. Ni sawa?" Kisanduku kikiwa kitupu au kina herufi, kitufe cha "Hifadhi" hakiwaki. Yule mama wa Sio Port aliombwa radhi na senge mwenyewe, mbele ya watu vilevile, na akapewa gunia lake.

Siku ya kwanza dada aliporudi nilisimama nyuma yake kaunta ilipoishia. Mteja alitoa noti. Dada aliandika moja, kisha akaitafuta koma, akaibonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, akanigeukia. Halafu akamalizia mia mbili, na sote wawili tukainama kutazama skrini.