Tunutu wa Mto Gura

Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Nyeri, nchini Kenya, alikuwa amevua trauti katika mto Gura kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo alijua njia moja tu: kumrusha nzi wa bandia aelee juu ya maji, kisha kumkazia macho mpaka samaki apande kumdaka. Trauti si wenyeji wa mto huo. Walitiwa humo mwaka 1905 na walowezi, nao walowezi ndio walioleta na desturi ya kuwavua hivyo.

Lakini kwa misimu miwili alikuwa akirudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe alipouliza, alijibu kwamba samaki wamekwisha mtoni. Hakusema kweli. Kweli ni kwamba hakumwona tena nzi wake. Penye povu na mng'ao wa jua, kidudu kile kilipotea mara kilipotua, na samaki aliyekidaka alikitema kabla mzee hajainua ufito.

Mpwa wake ndiye aliyemjia na habari ya tunutu. Huyu ni mtoto wa mdudu wa mtoni, ambaye hajaota mabawa. Hukaa chini ya mawe miezi mingi, naye akishapata mabawa huishi muda mfupi mno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya chakula cha trauti iko chini, wala haiko juu. Mwingereza G. E. M. Skues aliliandikia jambo hili kitabu mwaka 1910, na baadhi ya wavuvi wenzake wakamwona mvunja adabu. Baadaye Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon, aliunda tunutu wa bandia kwa nyuzi za mkia wa ndege fezanti na waya mwembamba wa shaba, bila miguu. Uzito wa shaba ndio unaomzamisha. Mpwa alileta watatu wa namna hiyo.

"Mjomba, usirushe mbali," alisema. "Sogea karibu. Mshipi usilale juu ya maji. Inua ufito, umfuate tunutu anavyochukuliwa na mkondo. Si kazi ya macho hii, ni ya vidole."

Mzee hakupendezwa. Aliona ni uvuvi wa watoto, wale wa mnyoo na kijiti. Maji ya Gura ni baridi na yana kasi. Mtu wa umri wake hasimami humo kwa mchezo. Saa nzima alinasa mawe tu, na tunutu mmoja akabaki huko huko. Hata hivyo, mawe hayo yalimfunza: jiwe huvuta likanyamaza. Mara mshipi ukasita, kisha ukajibu. Akainua ufito, na trauti mwenye madoa mekundu akaruka mbele yake. Kabla ya adhuhuri alikuwa amepata wawili.

"Kumbe samaki wamerudi, Mwalimu?" mkewe aliuliza, akiwageuza kikaangoni.

Mzee alikaa kimya. "Hawakuondoka," alisema hatimaye. "Ni macho yangu."

Mkewe aliepua kikaango, akataka kujua tangu lini. Jumatatu iliyofuata waliondoka wote wawili kwa gari la alfajiri kwenda kumwona daktari wa macho. Ufito ulibaki nyuma ya mlango, na tunutu wawili waliosalia wamechomekwa kwenye kofia.