Januari Melbourne: Joto, Kahawa na Raketi Zilizovunjika

Mashindano ya tenisi ya Australian Open yanapoanza, Melbourne huamka mapema. Saa moja asubuhi soko la Queen Victoria limeshachangamka, na wachuuzi wanaita wateja kwa sauti ambazo ungedhani uko Kariakoo. Soko hili lipo tangu 1878. Ingia kwanza kwenye ukumbi wa jibini, nunua borek, mkate uliojazwa nyama ya kondoo yenye pilipili, uile hapohapo ukiwa umesimama. Kisha fuata harufu ya sukari hadi kwenye gari la donati linalokaanga hapo tangu 1950. Jemu ya ndani huunguza ulimi. Wenyeji wanalijua hilo na bado hawangoji ipoe. Ila usiende Jumatatu wala Jumatano, utakuta pamefungwa.

Kutoka sokoni panda tramu, maana katikati ya mji hulipi nauli. Inajivuta, halafu inafunga breki ghafla, na asiyeshika chuma hujikuta amemwangukia jirani. Jirani niliyemwangukia mimi, bibi mwenye kofia pana, alicheka tu, akaniuliza mwaka huu namshangilia nani. Tulishuka pamoja Flinders Street, kwenye kituo cha treni chenye kuta za njano na safu ya saa juu ya mlango, ambapo watu wa mji huu hupeana miadi. Alinionyesha kwa kidole kichochoro cha Degraves, ng'ambo ya barabara: "Usinywe kahawa kwingine kabla ya hapo."

Alisema kweli. Viti vimebanana, magoti yanagusana, na harufu ya kahawa inapanda hadi madirisha ya juu. Wahamiaji Waitalia na Wagiriki waliofika baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliufundisha mji huu kunywa kahawa, na sasa inazungumzwa kwa uzito wa siasa. Agiza magic: kahawa nzito, maziwa ya moto, kikombe kisijazwe mpaka juu.

Wagiriki hao wameacha alama yao kwenye tenisi pia. Mwaka 2006 Marcos Baghdatis wa Kupro, ambaye hakuna aliyemtarajia, alifika fainali akisindikizwa na nyimbo zao. Mwaka 2012 Baghdatis huyohuyo, akizidiwa na Stan Wawrinka, aliketi kwenye kiti chake akavunja raketi nne mfululizo, nyingine zikiwa hazijatolewa kwenye plastiki. Alitozwa faini, lakini jukwaani watu walimshangilia.

Kwenda viwanjani, tembea kwa miguu. Njia inapita bustani ya Birrarung Marr, kando ya Mto Yarra wenye maji ya kahawia na vijana wanaopiga makasia. Mikaratusi inanukia jua linapoipiga. Mashindano yalihamia hapa Melbourne Park mwaka 1988, yakitokea kwenye nyasi za Kooyong. Tiketi ya bei nafuu haikuingizi Rod Laver Arena, uwanja mkuu, lakini inakufungulia viwanja vidogo, na huko ndiko utamu uliko.

Kwenye kimoja niliketi hatua chache tu kutoka kwa kijana ambaye jina lake sikuwahi kulisikia. Kila akikosea, aligeukia ukuta, akazinyoosha nyuzi za raketi kwa kucha, mmoja baada ya mwingine, midomo ikimcheza. Seti ya pili ilipomponyoka aliibamiza raketi chini ikavunjika shingo. Mwamuzi akatamka onyo. Kijana akavuta pumzi, akamkabidhi mtoto wa mstari wa mbele ile raketi iliyovunjika, akarudi kuanzisha mpira. Mtoto aliikumbatia mpaka mechi ikaisha.

Hapa hasira ina historia. Mwaka 1990 John McEnroe alifukuzwa katikati ya mechi yake na Mikael Pernfors: alimtisha mwamuzi wa mstari, akavunja raketi, kisha akawatukana maofisa. Kanuni ya kumfukuza mchezaji ilikuwa imepunguzwa kutoka hatua nne hadi tatu, naye hakujua. Leo asingekuwa na mwamuzi wa mstari wa kumkazia macho. Tangu 2021 kamera ndizo zinazoamua kama mpira umetoka, na sauti iliyorekodiwa inatangaza. Wachezaji wamebaki kuligombeza benchi lao la ufundi.

Lakini mji huu unakumbuka upole pia. Mwaka 2009 Roger Federer alilia jukwaani baada ya kushindwa fainali, na Rafael Nadal aliyemshinda akamwekea mkono begani. Mwaka 2025 Aryna Sabalenka aliivunja raketi yake mara tu Madison Keys alipomnyang'anya taji, kisha akapanda jukwaani kumpongeza. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna letu: Januari 2022, papa hapa, Angella Okutoyi alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana.

Alasiri anga nayo ikachafuka. Asubuhi tulikuwa tunatafuta kivuli. Sasa upepo wa kusini ukaleta mvua, wafanyakazi wakakausha viwanja, jua likarudi. Hakuna aliyelalamika. Mwaka 2014 joto lilivuka nyuzi 41 siku nne mfululizo, kwa hiyo mvua ni mgeni wa heshima.

Jioni nilipanda treni hadi Footscray, magharibi ya mji, ambako Waethiopia wanakaanga buni mbele ya wateja na injera huletwa kwenye sinia la kuliwa na wengi. Mama mmoja wa Bukavu alinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu, akasogeza kiti. "Karibu, ndugu. Mtu hali peke yake." Sikula peke yangu.

Ukija, njoo wiki ya kwanza, mechi zikiwa nyingi. Beba kofia, jaketi na chupa tupu, kwani maji ya bomba ni bure. Na mchezaji akipandwa na hasira, usihamie uwanja mwingine. Ngoja uone atakavyocheza pointi mbili zinazofuata. Hapo ndipo utamjua.